Mtamba Amefika: Je, Nyumba Iko Tayari?



Siku anaposhushwa mtamba wa maziwa mbele ya mlango si siku ndogo. Watoto hutoka mbio, majirani huchungulia dirishani, na mama mwenye nyumba, ambaye kwa miaka miwili mitatu amekuwa akiweka shilingi yake katika chama, husimama kando akisema "Mashaallah" huku moyo ukimdunda. Mnyama naye husimama katikati ya kelele hizo, masikio juu, miguu ikitetemeka kwa uchovu wa safari. Ametoka katika shamba kubwa lenye malisho na wenziwe wengi. Sasa yuko peke yake baina ya kuta mbili za matofali, hapa Mikindani, au Jomvu Kuu, au ng'ambo ya kivuko kule Likoni.

Furaha ya siku hiyo ni ya haki, na hakuna wa kuilaumu. Lakini waliofuga wanajua kwamba furaha ya kweli hupimwa siku ya arobaini, siyo siku ya kwanza. Nyumba ngapi zilizopika pilau kwa kumpokea mtamba, kisha kabla ya miezi miwili kutimia zikamzika? Na fedha zilizozikwa pamoja naye aghalabu si za anasa. Ni akiba ya akina mama kumi, au fungu la mirathi ya mayatima, au malipo ya uzeeni ya baba aliyefanya kazi bandarini maisha yake yote. Kwa hiyo tumeona juma hili tuzungumze na familia zetu juu ya mnyama anayetoka shamba kubwa kuja nyumba ndogo, na juu ya yale yanayomfanya yeye na mwenyewe waishi kwa raha. Kwa ufupi ni mambo matatu: ukweli wa muuzaji, matayarisho ya nyumba, na uaminifu wa mnunuzi baada ya kumiliki.

Wageni wa mbali

Tuanze na asili yao. Ng'ombe wa maziwa tunaowasifu karibu wote ni wageni katika ardhi hii. Friesian asili yake ni Uholanzi, Ayrshire ni wa Scotland, Jersey ni wa kisiwa kidogo kilicho baina ya Uingereza na Ufaransa, na Sahiwal ni wa Punjab, katika nchi ambayo leo ni Pakistan. Ng'ombe wa nchi za baridi hutoa maziwa mengi wakiwa kwao, lakini joto la Pwani lililochanganyika na unyevu wa bahari huwaelemea. Hupumua kwa haraka, hula kidogo, maziwa hupungua, na mimba hukataa kushika. Mtu akinunua Friesian safi kutoka nyanda za juu kwa kuwa ameambiwa anajaza ndoo, asistaajabu ndoo ile ile ikirudi nusu hapa Mikindani.

Kwa sababu hiyo wafugaji wa Pwani walitafuta njia ya kati zamani. Katika shamba la Kilifi Plantations, lililo kando ya barabara ya kwenda Malindi, kwa miongo mingi walichanganya damu ya Sahiwal, anayestahimili joto na kupe, na damu ya Ayrshire na Brown Swiss, wenye maziwa. Wataalamu wa mifugo waliyachunguza matokeo ya ng'ombe hao na kuyaandika, na yakawa funzo kwa nchi nyingi za joto. Sahiwal wenyewe waliletwa Kenya kuanzia mwaka 1939, na serikali ikaweka kituo maalumu cha kuwazalisha huko Naivasha katika miaka ya 1960. Mpango wa serikali za Kenya na Uholanzi ulioanza mwaka 1980 ndio ulioeneza ufugaji wa zizini, ambamo ng'ombe hakai malishoni, bali nyasi hukatwa akaletewa.

Funzo kwa familia ni jepesi: swali la kwanza la mnunuzi lisiwe "Anatoa lita ngapi?" Liwe "Mama yake ni nani, baba yake ni nani, na wamekaa wapi?" Chotara aliyezaliwa katika joto letu, hata akitoa maziwa machache kuliko yule wa milimani, ndiye atakayekuwa hai mwaka ujao.

Kiwele kilichojaa si ushahidi

Sheria yetu tukufu haikuliacha soko la mifugo bila ulinzi. Zama za Mtume wetu (S.A.W.) walikuwapo wauzaji waliokaa siku nzima au zaidi bila kumkamua ngamia au mbuzi, ili kiwele kivimbe na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Mtume (S.A.W.) alikataza hila hiyo. Akampa aliyedanganyika hiari baada ya kumkamua mnyama: akiridhika amweke, asiporidhika amrudishe pamoja na pishi moja ya tende kwa ajili ya maziwa aliyokwisha kuyatumia. Katika baadhi ya mapokezi hiari hiyo imewekewa siku tatu. Mafakihi wameijengea mas-ala haya mlango mzima, na sisi watu wa Pwani tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafi tunayasoma katika vitabu vya fikihi. Ajabu ni kwamba tunayasoma msikitini na kuyasahau sokoni.

Basi mama anayekwenda kununua asione haya kuuliza, wala asikubali kuharakishwa. Akitaka ng'ombe anayekamuliwa, aombe kushuhudia akikamuliwa jioni, kisha arudi amshuhudie tena asubuhi. Chuchu zote nne zijaribiwe, moja baada ya nyingine, na maziwa ya mwanzo yatazamwe kama yana mabonge au damu. Kiwele kiguswe kisikilizwe kama kina ugumu au joto la ugonjwa. Akinunua mtamba mwenye mimba, mimba ithibitishwe na daktari wa mifugo, isithibitishwe na maneno ya muuzaji. Aulize amechanjwa nini na lini, na aonyeshwe maandishi. Halafu aulize jambo ambalo wengi hulisahau: amezoea kula nini?

Na muuzaji naye ajue kwamba kunyamaza juu ya aibu ya mnyama ni sawa na kuificha. Ikiwa ng'ombe hupiga teke, au aliwahi kutoa mimba, au chuchu moja imekufa, aseme. Bei itashuka kidogo, lakini baraka haitashuka. Mauzo ya namna hii yaandikwe, kama tulivyofundishwa kuandikiana, na mashahidi wawepo.

Zizi kabla ya ng'ombe

Historia yetu wenyewe ina mfano wa mnyama bora aliyepelekwa mahali pasipokuwa na nafasi yake. Mwaka 1840 Sayyid Said bin Sultan, aliyekuwa akitawala Oman na Zanzibar, alituma merikebu yake, Sultana, mpaka New York, na mjumbe wake akawa Ahmad bin Naaman. Miongoni mwa zawadi alizompelekea Rais Martin Van Buren walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu, wa asili njema. Lakini sheria ya Marekani haikumruhusu Rais kujimilikisha zawadi ya mfalme wa kigeni. Mwisho wake farasi wale waliuzwa mnadani na fedha zikatiwa hazina. Hawakuwa na kasoro yoyote. Nyumba waliyopelekewa tu ndiyo haikuwa tayari kuwapokea.

Vivyo hivyo mtamba. Zizi hujengwa kwanza, na nyasi hupandwa kwanza. Kwa hali yetu ya Pwani, paa la makuti ni bora kuliko mabati matupu, maana mabati hugeuka tanuri saa sita za mchana. Urefu wa zizi uelekee mashariki na magharibi ili jua lisimpige mnyama ubavuni, na pande ziachwe wazi zipitishe upepo wa kusi na wa kaskazi. Sakafu iwe ngumu, yenye mteremko wa kupitisha maji, lakini isilainishwe hata ikateleza. Ng'ombe mwenye mimba akianguka, hasara ni mbili. Pawe na mahali pakavu pa kulala, maana ng'ombe asiyelala hacheui vizuri, na asiyecheua hatoi maziwa.

Maji ndiyo mtihani wa Mikindani. Ng'ombe anayekamuliwa katika joto letu huhitaji lita 60 kwa siku, na mara nyingi zaidi. Hayo ni madumu matatu ya lita 20 kabla hujaosha kiwele, kabla hujasafisha zizi, na kabla watoto hawajaoga. Familia inayonunua maji kwa mkokoteni ikae chini ipige hesabu hiyo kabla ya kumpigia simu muuzaji.

Kisha chakula. Ng'ombe mkubwa hula kilo 50 hadi 70 za nyasi mbichi kwa siku. Mwenye kiwanja kidogo hawezi kuzipata uani, basi awe na mahali pa uhakika pa kuzikata au kuzinunua, hasa miezi ya Januari mpaka Machi ambapo kaskazi hukausha kila kitu. Nyasi za nepia, majani ya viazi vitamu, pumba za mahindi na machicha ya nazi ni vyakula vilivyo karibu nasi. Majani ya lusina na ya gliricidia huongeza nguvu ya chakula, lakini lusina isizidi theluthi ya anachokula, maana ikizidi humdhuru. Na chakula kipya kisiletwe kwa ghafla. Wiki ya kwanza achanganyiwe na kile alichozoea shambani, kipya kikiongezwa kidogo kidogo, kwa sababu tumbo la ng'ombe likibadilishiwa chakula siku moja hujaa hewa, na likijaa hewa huua.

Ambaye hesabu hizi hazimtoshi asivunjike moyo. Mbuzi wawili wa maziwa hula sehemu ndogo tu ya anachokula ng'ombe mmoja, na maziwa yao yanatosha chai ya nyumba na kikombe cha mtoto. Ni afadhali mbuzi mwenye kushiba kuliko ng'ombe mwenye njaa.

Adui mdogo wa sikioni

Ugonjwa unaozika mitamba wengi katika nchi yetu ni ndigana kali. Huletwa na kupe wa rangi ya hudhurungi ambaye hupenda kukaa ndani ya sikio. Mnyama hupata homa, tezi zilizo chini ya sikio huvimba, huacha kula, kisha hushindwa kupumua na povu hutoka puani. Akichelewa kutibiwa, hufa katika muda wa wiki mbili au tatu. Mtamba aliyekulia shamba lenye josho, ambaye hajapata kuumwa na kupe, huwa hana kinga yoyote anapofika kwetu. Ndiyo maana wengi hufa baada ya kuhama, na watu husema amepigwa jicho.

Chanjo ipo. Iligunduliwa na kuendelezwa katika kituo cha utafiti cha Muguga, karibu na Nairobi, katika miaka ya 1970. Mnyama hudungwa vijidudu hai vya ugonjwa wenyewe pamoja na dawa ya kuvidhibiti, naye hujenga kinga ya muda mrefu kwa sindano ya mara moja. Mnunuzi amtake muuzaji mtamba aliyekwisha kuchanjwa, na amwangalie sikioni kama ana alama yake. Hata hivyo kupe waendelee kuondolewa, maana wanaleta maradhi mengine, na upande wa Kwale mbung'o naye bado ni adui.

Safari yenyewe iwe ya asubuhi na mapema, mnyama akiwa na nafasi ya kusimama, na gari liwe na kibali cha daktari wa mifugo wa serikali. Kibali hicho hulinda zizi lako na la jirani yako lisiingiwe na maradhi. Ikiwa nyumbani mna ng'ombe wengine, mgeni atengwe wiki mbili au tatu. Na kila nyumba yenye ng'ombe iwe na kipimajoto. Joto likipita nyuzi 39.5, mwite daktari siku hiyo hiyo, usingoje mpaka Jumatatu.

Haki zake, haki za jirani

Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) aliingia katika bustani ya kijana mmoja wa Ansari akamkuta ngamia. Ngamia yule alipomwona akatokwa na machozi. Mtume (S.A.W.) akampapasa mpaka akatulia, kisha akamwita mwenyewe na kumkumbusha amche Mwenyezi Mungu juu ya mnyama aliyemilikishwa, kwani alikuwa akimshindisha njaa na kumchosha. Kila mwenye zizi aisome habari hiyo kama anayesomewa yeye. Mnyama wetu hana ulimi wa kwenda kwa chifu, wala kwa kadhi.

Ndama pia ana haki. Dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, ni yake. Ayapate katika saa sita za mwanzo tangu kuzaliwa, maana ndiyo kinga yake ya kwanza. Mwenye kuyakamua yote akayapika, amemnyang'anya mtoto ngao yake. Na mama mtu apumzishwe kukamuliwa miezi miwili kabla ya kuzaa tena.

Jirani naye asisahauliwe. Nyumba zetu zimebanana, na harufu na nzi havijui mpaka. Mwulize jirani kabla hujajenga, na umwulize afisa wa mifugo wa kaunti sheria za mtaa wako. Samadi isitupwe mtaroni ikateremka mpaka kwenye mikoko ya hori yetu. Ikusanywe, ipewe au iuzwe kwa wenye mashamba, au itiwe katika mtambo wa gesi ya kupikia. Na kwa kuwa katika madhehebu yetu kinyesi na mkojo wa ng'ombe ni najisi, ni vyema mwenye kuhudumia awe na nguo na viatu vya zizini peke yake, ili adhana isimkute akihangaika.

Maziwa yachemshwe kabla ya kunywewa, maana yapo maradhi yapitayo kwenye maziwa mabichi. Na ng'ombe akidungwa dawa, maziwa yake yasiuzwe mpaka zipite siku alizotaja daktari. Hapo hakuna anayekuona. Lakini tunakumbuka kisa kinachosimuliwa cha Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), alipopita usiku akamsikia mama akimtaka binti yake atie maji katika maziwa ya kuuza, na binti akakataa kwa kuwa, hata kama Umar haoni, Mola wa Umar anaona. Umar akamwoza binti yule kwa mwanawe Asim, na katika kizazi chao akatoka khalifa mwadilifu, Umar bin Abdul Aziz. Nasaba hiyo ilianzia kwenye chombo cha maziwa.

Ndama wa kwanza ni wa nani?

Tumeacha la mwisho liwe tamu zaidi. Mwaka 1944 shirika la Heifer, lililoanzishwa na mkulima Mmarekani Dan West, lilipeleka mitamba yake ya kwanza Puerto Rico kwa sharti moja: kila atakayepewa, ndama jike wa kwanza atampa jirani mhitaji. Miaka arobaini baadaye mpango wa aina hiyo ulifika karibu yetu, Tanga, kwa msaada wa Uholanzi, ambapo familia ilipokea mtamba mwenye mimba na kulipa kwa mtamba badala ya fedha. Wenzetu wa Tanzania wakauita kwa lugha nyepesi: kopa ng'ombe, lipa ng'ombe.

Watu wengi huuona mpango huo kuwa fikra ya wageni. Lakini Waislamu wa mwanzo walikuwa na maniha: mtu humpa mwenziwe mnyama wa maziwa anufaike nayo kwa muda, kisha humrudisha. Mtume (S.A.W.) alitaja sifa arobaini za kheri, na iliyo juu kabisa akaitaja kuwa ni kumwazima mtu mbuzi wa maziwa. Basi vyama vyetu vya akina mama, ambavyo vimezoea kuzungusha fedha na vyombo, vina nini cha kuvizuia kuzungusha mnyama? Mmoja aanze, aelekezwe na aliyetangulia, na ndama jike akikua aende nyumba ya pili pamoja na mafunzo yote. Masharti yaandikwe, na wapewe mashekhe wetu wayatazame kabla ya kutiwa saini, yasije yakaingia yasiyofaa.

Nyumba ya pili itakuwa na bahati kuliko ya kwanza, kwa sababu mnyama atakayeingia amezaliwa katika joto lile lile, amekula nyasi zile zile, na mwenye kumtoa anaishi mtaa wa pili, anaweza kuitwa usiku homa ikipanda. Muuzaji wa namna hiyo hana sababu ya kuficha kitu. Na mnunuzi wa namna hiyo hana udhuru wa kumtesa mnyama ambaye aliyemlea atapita kesho kumjulia hali.

Mwenyezi Mungu (S.W.T.) atujaalie riziki ya halali, atutilie baraka katika mifugo yetu, na atuepushe na mnyama atakayesimama mbele Yake siku ya Kiyama kutushitaki. Amin.